Shimo la Mahindi Namba Nne

"Umeziona sharubu zake?" Daktari Humaira aliuliza.

Inspekta Rukhsana Wattoo aliinama juu ya kitanda. Profesa Ijaz Lakhvera alikuwa amelala chali, macho yamefumbwa, barakoa ya oksijeni inaingia ukungu na kutakata, inaingia ukungu na kutakata. Kila aliyewahi kupanda mahindi ya kulishia mifugo katika wilaya ya Okara alizijua sharubu za Profesa, nyeupe kama pamba, ncha zimepindwa juu. Sasa zilikuwa na manjano chini ya pua, kama za mvuta sigara wa miaka mingi.

"Anavuta?"

"Mkewe anaapa hajawahi kugusa sigara. Nimezisugua kwa sabuni, rangi haitoki." Daktari alivuta shuka, akaonyesha shingo. "Hakuna alama ya kidole wala kamba. Kichwani hakuna uvimbe. Tumboni hakuna harufu ya dawa ya wadudu. Lakini mapafu, dada, mapafu yameungua. Ni kama mtu aliyevuta mvuke wa tindikali."

"Mtu anaweza kurushiwa tindikali akaungua ndani bila kuungua ngozi?"

"Hapana. Ndiyo maana nimekuita kabla hujaandika maneno utakayoshindwa kuyafuta."

"Atapona?"

"Usiniulize sasa. Kuungua kwa namna hii kunadanganya. Mtu anatembea, anakunywa chai, anagombana na watu, halafu baada ya saa kadhaa mapafu yanajaa maji. Anazama akiwa nchi kavu."

Rukhsana alitoka wodini akiwa na swali moja ambalo hakuwa nalo alipoingia. Mtu waliyemkamata asubuhi ile kwa kumdhuru Profesa alikuwa na mkono gani, hata aweze kuchoma mapafu ya mwenzake bila kumgusa?

* * *

Kwenye kituo kidogo cha Rehmanpur, Koplo Manzoor alimpokea mlangoni akiwa na malalamiko.

"Afande, yule bwana wa mbegu anajifanya mgonjwa. Tangu tumlete ni kikohozi tu, kho, kho, kho. Chai nimempa, maji nimempa. Bado kuimbiwa."

"Mtoe. Mlete kwenye mwanga."

Waqar Kamboh aliketi mbele ya meza, mikono imefungwa pingu. Alikuwa mwanamume mwembamba wa miaka thelathini na kitu. Mbegu chotara aliyoizalisha kwa miaka saba, akichagua na kuchavusha kwa mkono, ilikuwa imeingizwa kwenye majaribio ya mwaka huu kwa jina la Namba Nne. Aina nane za mbegu zilipandwa ubavu kwa ubavu, kila moja kwenye ukanda wake. Nafasi ilikuwa moja, maji mamoja, mbolea moja. Zilikatwa siku moja, zikapimwa uzito, zikakatwakatwa na kushindiliwa kila moja kwenye shimo lake, zivunde, baadaye walishwe nyati wa maziwa na ijulikane ipi inajaza ndoo. Mpimaji mkuu alikuwa Profesa Lakhvera. Mbegu aliyoisifu ilinunuliwa wilaya nzima, na aliyoikataa haikupata mtu wa kuipanda tena.

"Juzi ulimwambia Profesa kwamba atajuta," Rukhsana alianza. "Mbele ya watu."

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Mfereji ulibomoka, afande. Mahindi yalikaa na kiu mpaka majani yakajikunja. Halafu ikaja mvua kubwa. Nikamwomba asubiri siku chache yatulie. Akavunja gunzi katikati, akanionyesha punje, maziwa yameshuka hadi nusu, dalili ya kufaa kukatwa. Akasema zote nane zimefika, zote zinakatwa leo, majaribio hayana mkwe wala shemeji."

"Mkwe ameingiaje hapo?"

"Shamba la majaribio ni la baba mkwe wangu, Mian Khushi. Profesa alinidhalilisha mbele ya wakwe. Nikapandwa na hasira, nikasema nililosema."

"Na leo asubuhi?"

"Nilikwenda kumwomba radhi. Mama mkwe akaniambia yuko mashimoni anapima joto, kila asubuhi hushuka shimo moja baada ya jingine. Nikamkuta chini ya namba nne, kifudifudi. Nikaruka ndani..." Kikohozi kilimkata. Alipomaliza, alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Nikamburuta hadi juu."

"Dereva wa trekta anasema alikukuta umemkalia kifuani."

"Nilikuwa namsukuma apumue! Ningekuwa namuua ningemtoa shimoni wa nini? Si ningemwacha kule kule?"

Manzoor aliguna kule mlangoni. Rukhsana hakugeuka.

"Ulipokuwa ndani, ulinusa nini?"

Waqar aliinua uso. Ilionekana hakuna aliyemuuliza hilo.

"Ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Kali, inachoma macho. Mahindi mabichi hayanuki hivyo. Nikadhani ni woga tu."

Rukhsana alisimama, akazunguka meza, akamshika kidevu na kumgeuzia dirishani. Midomo ya Waqar ilikuwa imeanza kuingia ubuluu.

"Gari," alisema. "Konstebo ampeleke Okara sasa hivi kwa Daktari Humaira. Aambiwe kwamba huyu naye alishuka shimo lile lile."

"Afande," Manzoor alinong'ona, "huyu ni mtuhumiwa wa jaribio la kuua. Mkuu wa wilaya akisikia tumempeleka kupunga upepo..."

"Afungwe pingu kitandani. Lakini akifia humu ndani, Manzoor, wewe ndiye utakayemweleza mkuu kwamba kikohozi kilikuwa cha kuigiza."

Manzoor alikimbia mwenyewe kuwasha gari.

* * *

Jua la Juni lilikuwa limesimama kichwani walipofika kwa Mian Khushi. Mtu wa kwanza kuwapokea alikuwa mkewe, Bibi Naziran, ameshika kwa miguu kuku watatu waliokufa, kama mtu anayerudi sokoni.

"Mmekuja? Haya, andikeni na hawa!" Aliwatupa kuku miguuni pa Manzoor. "Mnatafuta aliyemdhuru Profesa, mmenichukulia mkwe wangu, mume wa binti yangu, mtu asiyeweza hata kumchinja kuku. Na aliyeniulia kuku nani anamtafuta?"

"Salaam aleikum, mama," Rukhsana alisema. "Walikufa wapi?"

"Aleikum salaam, mwanangu. Pale, kwenye mdomo wa shimo. Wanapenda kudonoa punje zilizomwagika."

"Shimo lipi?"

"Nne."

"Mengine hawaendi?"

"Kuku hajui kusoma namba. Wanazunguka yote nane. Wamekufa pale tu."

Rukhsana alichuchumaa, akamfunua kuku mmoja mdomo. Hapakuwa na povu. Kabla hajasimama, Mian Khushi alitokea upande wa zizi. Alikuwa mzee mrefu mwenye kilemba kilicholegea, mkononi ameshika chupa kwa ncha ya shuka lake.

"Binti yangu, njoo uone! Nimeipata nyuma ya ukuta wa mashimo. Dawa ya wadudu! Ni Shaukat huyo, muuza mbegu. Namba Sita ni yake. Alijua mbegu ya Waqar itamshinda, akaja kutia sumu. Mfungeni huyo, mkwe wangu arudi nyumbani!"

Manzoor alikwisha toa simu. Shaukat alipokea, na kelele za ngoma zilisikika hadi kwa waliosimama pembeni.

"Yuko Multan, afande, harusini kwa mpwa wake," Manzoor alisema baada ya muda. "Tangu juzi. Amenigeuzia kamera, nimemwona bwana harusi, nimeona sahani za pilau, na mganga wa meno wa Rehmanpur anacheza nyuma yake."

Rukhsana aliipokea chupa, akaiinua juani. Karatasi yake ilikuwa imepauka hata maandishi hayasomeki. Haikuwa na kizibo, na ndani, kutoka ukingo hadi ukingo, buibui alikuwa ametandaza utando na kuacha mayai.

"Buibui huyu, mzee wangu, amejenga na kuzaa. Chupa hii imelala pale tangu msimu uliopita. Na sumu hii huingia kwa tumbo au kwa ngozi, haimgeuzi mtu sharubu rangi."

Uso wa Mian Khushi ulisawijika. Alitazama njia iliyokwenda Okara.

Mashimo nane yalikuwa yamechimbwa kwa mstari, kuta za matofali, kila moja lina mteremko upande mmoja wa kupitishia trekta. Mahindi ya kila ukanda hayakutosha kujaza shimo lake. Yalikuwa tuta lililofunikwa kwa turubai na kukandamizwa kwa matairi makuukuu, na mwisho wa tuta palibaki pengo lenye kina kupita kimo cha mtu. Profesa aliangukia kwenye pengo hilo.

Rukhsana alianzia shimo la kwanza. Alisimama ukingoni, akavuta hewa. Utamu wa mahindi na uchachu unaoanza. La pili vivyo hivyo, la tatu pia. Shomoro walikuwa chini kabisa ya shimo la tatu wakipigania punje, wanarukaruka, wazima.

Kwenye la nne hapakuwa na shomoro anayeruka. Wawili walikuwa wamelala ubavu chini ya ukuta.

"Nawaleta, afande," Manzoor alisema, akaweka mkono ukingoni na kuinua mguu.

Rukhsana alimdaka ukosi wa shati na kumvuta nyuma kwa nguvu hata wote wawili wakakaa chini kwenye vumbi.

"Afande!"

"Tazama. Usishuke, tazama tu."

Alichukua upondo wa mianzi uliokuwa umeegemezwa ukutani, akaunyoosha na kuinua ncha ya turubai. Chini yake, taratibu, ukatoka moshi mzito wa rangi ya chai ya rangi. Haukupanda. Ulishuka kwenye ubavu wa tuta kama maziwa yanayomwagika, ukaenda kulala kwenye pengo, juu ya shomoro. Harufu ya dawa ya kung'arishia nguo iliwafikia hata pale walipokuwa.

Manzoor alirudi nyuma akikokota makalio.

"Kila mtu ahamie upande upepo unakotoka," Rukhsana aliamuru. "Mama, kuku wafungiwe. Mzee, nyati watolewe kwenye zizi la karibu. Hakuna atakayesogelea namba nne."

Kisha akampigia Daktari Humaira.

"Waqar yuko hapa, hajambo kidogo," daktari alisema. "Umemleta kwa wakati, dada. Mapafu yalikuwa yameanza kujaa. Ningempata jioni, nisingeahidi kitu."

"Anaweza kusema?"

"Maneno machache. Naweka simu sikioni mwake."

Rukhsana alimweleza Waqar alichokiona.

"Nitreti," Waqar alisema, sauti imekwaruza. "Ni mbolea iliyolala ndani ya shina. Mahindi yakikosa maji hayawezi kuitumia. Mvua ikija yanainywa kwa pupa. Ukiyakata siku hizo na kuyashindilia, yanatoa hewa hiyo siku za mwanzo. Nzito. Hukaa chini."

"Profesa haijui?"

"Anaijua kuliko mimi. Lakini kwa mbolea tuliyoweka, isingefika huko. Hata mimi haikunijia, na nilikuwa naivuta."

"Mbona mashimo mengine ni safi?"

"Basi ni mbegu yangu," Waqar alisema. "Inalimbikiza nitreti kuliko nyingine. Nimewazalishia watu sumu. Na wapo wanaosubiri kuipanda Julai."

"Kuna njia ya kujua bila kubahatisha?"

"Kwenye sanduku la pikipiki yangu kuna chupa ndogo ya kioo cheusi. Pasua shina la chini, dondoshea tone. Likigeuka buluu, nitreti ipo. Usijimwagie, inachoma."

Rukhsana aliipata chupa. Lakini ilikuwa chupa ya mtuhumiwa, naye hakuipeleka moja kwa moja kwenye ukanda wa nne. Mahindi yalikuwa yamekatwa, visiki vimebaki ardhini kwa safu. Alianza na ukanda wa tatu. Manzoor alipasua kisiki kwa mundu, yeye akadondosha tone. Rangi ilibaki kijivu, ikaingia ubuluu hafifu tu. Ukanda wa tano, hivyo hivyo. Kisha akaingia ukanda wa nne, upande wa karibu na nyumba.

Tone liligusa kisiki, na kisiki kikawa cheusi kwa ubuluu kama wino uliomwagika.

"Maskini," Manzoor alisema. "Kumbe kweli mbegu yake."

Rukhsana alikuwa anatazama magugu. Baada ya mvua yalikuwa yamechipua shamba zima, lakini kwenye ukanda wa nne yalikuwa marefu, yamenona, kijani cha kukaribia weusi. Aliyafuata. Yalikwenda sambamba na visiki, hayakuvuka hata shubiri moja kuingia kwa jirani. Karibu na mwisho wa ukanda, pale palipobaki kipande kama upana wa ua wa nyumba, yakakatika ghafla. Kutoka hapo hadi mtaroni, ukingoni mwa shamba, magugu yalikuwa membamba na manjano kama ya kila mahali.

"Magugu nayo ni mbegu ya Waqar?" aliuliza.

Manzoor alikuna shingo.

"Pasua hapa, mwishoni."

Visiki vilikuwa vya Namba Nne ile ile, safu zile zile. Tone likabaki kijivu. Wakapasua kingine, na kingine. Kijivu.

Rukhsana alifunga chupa, akajipangusa mikono, akarudi uani. Mian Khushi alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kamba, kilemba amekivua, amekiweka magotini.

"Mzee wangu," alisema akiketi kando yake, "mbolea ya yurea ilikwisha kabla hujafika mtaroni, siyo?"

Mzee hakuuliza yurea gani.

"Majani yalikuwa yanajikunja," alisema. "Yote yalijikunja, ya wote nane, lakini mimi nilikuwa nayaona yake tu. Kila jioni binti yangu ananipigia, baba, mahindi yanaendeleaje? Nimwambie nini? Nikasema nitayaongezea nguvu kidogo. Nilimwaga kwa mkono wangu. Waqar hajui. Angejua angeyang'oa mwenyewe."

"Wewe mzee!" Bibi Naziran alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. "Umemtia mtoto wa watu jela, umemlaza Profesa hospitali, na kuku wangu!"

"Mimi nilidhani ni Shaukat," mzee alisema kwa sauti ndogo. "Wallahi nilidhani ni Shaukat. Binti yangu, nifunge mimi. Mtoe yule."

"Kesi niliyonayo ni ya mtu kutaka kuua," Rukhsana alisema. "Hakuna aliyetaka kuua. Umeharibu majaribio, na hilo utamweleza Profesa mwenyewe akiamka. Nafikiri hapo utatamani ningekufunga mimi."

Mzee alificha uso ndani ya kilemba, mabega yakawa yanatikisika. Bibi Naziran alimtazama, akatwaa birika la mtindi, akammiminia bilauri na kuiweka chini mbele yake kwa kishindo.

* * *

Profesa Lakhvera aliamka kesho yake adhuhuri. Jambo la kwanza alilolidai lilikuwa kioo. Alijitazama sharubu, akakirudisha kioo.

Rukhsana alipofika, alimkuta ameegemezwa mito. Kitanda cha pili, upande wa dirisha, Waqar alikuwa ameketi, mkono mmoja bado umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda, kwani kibali cha kumwachia kilitoka asubuhi ile tu. Daktari Humaira alikuwa amesimama katikati yao.

"Ameniambia yote," Profesa alisema, akimwashiria daktari. Sauti yake ilikuwa kama msasa. "Waqar. Namba Nne imefutwa katika majaribio."

"Sawa, mwalimu."

"Mahindi yaliyoonjeshwa mbolea ya wizi hayapimwi."

"Sawa."

"Julai utapanda upya. Kwenye shamba la kituo cha utafiti, chini ya macho yangu. Zile safu za mwisho, ambazo yurea haikufika, niliona magunzi yake siku ya kukata." Alipumzika kidogo. "Yalikuwa mazuri. Hata kwa kiu ile, yalikuwa mazuri sana."

Waqar alifuta macho kwa mkono uliokuwa huru.

"Mwalimu, yale maneno niliyokuambia..."

"Nimejuta, kama ulivyoagiza. Na baba mkwe wako asikanyage shamba hilo."

Waqar alianza kucheka. Profesa naye akacheka, na kicheko kikawageuka wote wawili kikohozi, hata Daktari Humaira akapiga kelele kwamba mtu mwingine akichekesha wodini mwake atatolewa nje, awe polisi awe nani.

Mlangoni palisikika mguno. Mian Khushi alikuwa amesimama pale, mikono imeshika chungu cha mtindi kilichofunikwa kitambaa, hajui kama aingie. Nyuma yake mkewe alikuwa akimsukuma mgongoni.

Waqar alimsogezea nafasi kando ya kitanda. Profesa akageukia ukutani, kama mtu asiyetaka kusikia mambo ya nyumba za watu.

"Ingia, baba," Waqar alisema. "Mtindi utapata moto."

Mzee aliingia, akasimama kando ya kitanda. Akabaki amemshika mkwewe kiwiko, akiitazama ile pingu.

Rukhsana alitoa ufunguo mfukoni, akapita katikati yao, akafungua. Waqar alisugua kifundo cha mkono, akajinyoosha, akageukia upande wa dirisha. Usingizi ulimchukua kabla Rukhsana hajamaliza kukunja mnyororo.

"Mwacheni," alisema Daktari Humaira, akishusha pazia jua lisimpige usoni. "Huyo anapumua vizuri."